Mashahidi wa Taa Nyekundu

Kambi ya Mtendeli ilipofungwa, sisi wa maji tulikuwa wa mwisho kuondoka, kwa sababu hata watu wanaobomoa hunywa maji. Mahema yalikwisha kukunjwa, shule ikang'olewa mabati, zahanati ikabaki sakafu tupu, na sisi bado tukawa tunawasha pampu asubuhi na kuizima jioni kwa ajili ya vijana waliobeba mbao. Siku ya mwisho likaja lori. Wakapakia jenereta, wakapakia paneli za sola, wakapakia hata kiti alichokuwa akikalia mwenzetu Consolée kwenye zamu. Sisi hawakutupakia. Tulitembea kwa miguu hadi barabara ya Kakonko.

Wakimbizi wenyewe walikuwa wameshagawanywa, wengine kurudishwa Burundi, wengine kupelekwa kambi ya Nduta. Sisi tulikuwa raia, vibarua wa vijiji vya jirani, ingawa babu zetu wengi walivuka mpaka huo huo kwa miguu hiyo hiyo. Kambi ile ilifunguliwa nikiwa kijana, ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Kila ikifungwa wanakuja watu kutupa pole, na kila ikifunguliwa wanakuja watu wengine kutuuliza kama tuna uzoefu. Mimi nakumbuka. Wenzangu huniambia, Bazilio, wewe kichwa chako ni ghala la panya. Sawa. Lakini panya hali kitu ambacho hakipo.

Miaka michache baadaye kikaja chuo kikuu. Kilikodi ukumbi Kasulu mjini, nyuma ya kanisa, na kutangaza redioni mafunzo ya uhandisi na kompyuta kwa watu waliopoteza kazi baada ya kambi kufungwa na misaada kupungua. Miezi sita, bure, na mahali pa kulala. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alituita "nguvu kazi iliyotawanyika." Watu wakapiga makofi, kana kwamba tulitawanyika wenyewe, kama kuku.

Nilimpigia Consolée simu akiwa Kibondo. Alikuwa anafulia walimu nguo.

"Wanafundisha nini?" akauliza.

"Pampu za sola. Na kompyuta ya kuziangalia."

"Pampu tunazijua."

"Tunazijua, ila hatuna cheti."

Nilisikia maji kwenye beseni. "Mabamba wamechimba kisima kirefu," akasema. "Tangi limepakwa rangi ya bluu. Halina mtu."

Nilikuwa ninajua, na ndiyo sababu nilimpigia. Consolée Niyubahwe ni mtoto wa Mabamba, kule mpakani, na mama yake Pascasie yuko kule mpaka leo na mguu mmoja usiokunjika. Pampu ile mpya ilikuwa inasubiri mtu wa kuiendesha, na mtu huyo lazima awe amefaulu mafunzo haya ya chuo kikuu. Akipatikana mwenyeji, kazi ni yake. Asipopatikana, ataletwa mtu kutoka mbali. Na Consolée asipoipata, kaka yake Dieudonné alikuwa ameshamtafutia nafasi ya kupikia wachimbaji dhahabu Chunya, na mama angebaki peke yake na mguu wake. Hakukuwa na njia ya tatu. Tuliitafuta.

Akaja Kasulu na begi moja.

Darasani tulichanganyika. Walikuwepo makarani waliokuwa wakiandikisha wakimbizi, vijana wa vidole vyepesi, hao kompyuta ilikuwa kama kijiko kwao. Walikuwepo madereva. Na tulikuwepo sisi watano wa pampu ya Mtendeli, tumekaa safu moja kama tuliokuja msibani. Mwalimu wetu alikuwa Badru, kijana wa pwani, mpole, anavaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Kasulu na bado anatetemeka. Mkubwa wetu Harerimana alimwita "mwalimu wangu mdogo," naye akamwita "mzee wangu," wakapatana.

"Mzee wangu, mbona kompyuta yako umeifunika na kofia?"

"Nimeiadhibu," Harerimana akasema. "Ina tabia za mkwe wangu. Ukiiuliza jambo inazunguka, inazunguka, halafu inanyamaza."

Tulicheka. Consolée hakucheka, alikuwa anaandika. Alijifunza kila kitu kwa namna ile ile aliyokuwa akipokea zamu: anasikiliza, anarudia kwa mdomo bila sauti, anaendelea. Ukimuuliza umefurahi kuwa hapa, anasema kwa Kiha, "Ego, nipo," yaani ndiyo, nipo. Hilo lilikuwa jibu lake la kila kitu toka kambi ifungwe. Ukimwambia pole, nipo. Ukimwambia hongera, nipo.

Sasa lazima niseme habari ya Fidele, maana bila Fidele hutaelewa kilichotokea.

Fidele alikuwa mwenzetu wa mwanzo kabisa Mtendeli. Pampu ilikuwa na kisanduku cha kuiongoza ukutani, na juu ya kisanduku taa mbili, kijani na nyekundu. Mwaka wa kwanza taa nyekundu iliwaka mchana wa jua kali, foleni ya ndoo imefika barabarani, watoto wanalia. Injinia wa shirika alikuwa anaishi Kibondo mjini. Fidele akafungua kisanduku, akazungusha swichi, akafunga koki, akasubiri, akafungua. Taa ikawa kijani. Watu wakashangilia. Kesho yake akafukuzwa. Hakuharibu kitu. Alifukuzwa kwa kugusa. Injinia alikuja na karatasi akaibandika ukutani: taa nyekundu ikiwaka, usiguse, piga simu. Chini yake aliongeza kwa kalamu kwamba likitokea tatizo, kila aliyekuwa zamu atahojiwa.

Tukatengeneza desturi yetu. Hakuna aliyetufundisha. Taa nyekundu ikiwaka, tunatoka wote ndani ya chumba cha pampu. Tunasimama mlangoni kwa mstari, mikono nyuma, kila mmoja anamwona mwenzake. Mwenye simu anapiga. Tukija kuhojiwa, kila mmoja anasema: nilimwona fulani, mikono ilikuwa nyuma, hakugusa. Tuliiita kushuhudiana. Mtu akiwa ndani peke yake na taa ikawaka, anatoka mbio anaita, "Njoni mnishuhudie!" na hata aliyekuwa chooni anakuja huku anafunga mkanda. Wenye ndoo walitutukana mpaka injinia afike, wengine walitutemea mate. Tulisimama. Miaka yote iliyobaki hakufukuzwa mtu mwingine hata mmoja. Tulikuwa hodari wa jambo hilo kuliko jambo lolote.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Nyuma ya ukumbi chuo kilijenga pampu ndogo ya mfano, tangi, kisima cha pipa, paneli mbili, na kisanduku kama vile vya kweli. Badru anakaa ndani na kompyuta yake mapajani. Yeye ndiye anayetengeneza hitilafu: anabonyeza, na kisanduku kinaamini kwamba maji kisimani yameshuka na pampu inazunguka kavu. Kazi ya mtahiniwa ni kuzima, kufunga koki, kusubiri maji yapande, kuwasha tena polepole. Mambo ya Fidele yale yale. Tulikuwa tumeyasoma, tumeyaandika ubaoni, tumeyachora. Kwenye pampu yenyewe hatukuwa tumeyafanya hata mara moja, kwa sababu paneli zilichelewa kufika kutoka Dar. Zilifungwa wiki ile ile ya mtihani.

Makarani walitangulia. Wanaingia, tunasikia pampu inakata, inanyamaza, inawaka, wanatoka. Safi. Kisha likaitwa jina la Consolée.

Sisi wanne wa Mtendeli tulikuwa tumekaa kwenye benchi uani, chini ya ukuta, tunaota jua. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona akisimama mbele ya kisanduku. Nilimwona Badru akibonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

Consolée akarudi nyuma hatua. Akarudi nyingine. Akafika mlangoni, akageukia uani, na kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia toka Mtendeli, akaita:

"Njoni mnishuhudie!"

Tulinyanyuka. Sikuamua kunyanyuka. Nilikuta nimeshafika, niko kwenye mstari, Harerimana kushoto kwangu, mikono yangu nyuma imeshikana yenyewe. Sote watano. Nilimtazama Consolée mikono, naye akanitazama yangu.

"Dada," Badru akasema kutoka ndani. "Muda unakwenda."

Mstari haukusogea.

"Dada Consolée. Pampu inazunguka kavu. Fanya kitu."

"Nani atapiga simu?" Consolée akauliza.

"Simu ya nani?"

"Ya mwenye ruhusa."

"Mwenye ruhusa ni wewe!"

Harerimana akatoa simu yake mfukoni. Naapa sikumwambia. Akatafuta namba, akapiga, akaiweka sikioni. Ikaita. Ikapokelewa. Akasema kwa heshima zote, "Injinia, shikamoo, pampu nyekundu, wapo Consolée, Bazilio, Harerimana..." kisha akasikiliza, akasema, "Samahani mama," akakata. Namba ile ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. "Anauza dagaa Uvinza," akatuambia. "Ameniuliza nataka debe au kisado."

Makarani walicheka mpaka wakashikana mabega. Badru hakucheka. Alisimama amekumbatia kompyuta yake, na ile sweta ya juu imepanda tumboni, akatutazama mmoja mmoja. Kompyuta ikalia. Kwenye skrini pampu ilikuwa imeungua.

Akatuita baada ya Consolée, kila mtu peke yake, na kila mtu alifanya vile vile. Mimi pia. Nilisimama mbele ya ile taa, mimi niliyesoma sheria ya kazi kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokiokota sokoni Kibondo, mimi niliyewaandikia wakubwa barua nyingi hata mtu wa posta ananijua kwa mwandiko, na mikono haikutoka nyuma. Haikuuma wala haikutetemeka. Ilikuwa kama imewekwa pale na mtu mwingine.

Jioni tulikaa kwa mama ntilie karibu na stendi. Ugali wa muhogo, maharage. Nilikuwa nimewaka.

"Wametufunga mikono miaka mingapi," nikasema, "halafu wanakuja kutupima kwa mikono hiyo hiyo! Na hata zoezi moja hawakutupa kabla. Mtihani huu ni batili. Hatuondoki, hatufanyi mtihani mwingine, mpaka wakubali kwa maandishi kwamba ni batili."

"Mwalimu amesema kuna marudio kesho kutwa," mmoja wetu akasema.

"Marudio ni kukubali kwamba kosa ni letu."

"Kosa la nani basi?" Harerimana akauliza huku anatafuna. "Tueleze, tujue tumkasirikie nani. Shirika limeondoka. Injinia anauza dagaa."

"Mzee, usifanye mzaha."

"Nisipofanya mzaha nitafanya nini, sha, ndugu yangu? Nilie? Nimejaribu. Hayatoki."

Consolée alikuwa anakula taratibu, anamega, anachovya, anameza. Nikamgeukia.

"Consolée, wewe ndiye ulianza. Ukikataa wewe, wote tutakataa, na watatusikiliza. Ukifanya, tumekwisha."

"Nitafanya," akasema.

"Utafanya ushindwe tena?"

"Labda."

"Na heshima yetu?"

Akaweka chini tonge lake. "Kaka Bazilio, wewe una kumbukumbu. Mimi nina mama. Hivyo viwili havilali chumba kimoja." Akachukua tonge lake tena. "Ungetaka kunisaidia, ungeniambia nifanye nini na hii mikono. Kelele nimezisikia."

Mtu aliyesoma vitabu visivyo na majalada ana majibu ya mambo mengi, lakini hilo halikuwemo. Mama ntilie akaja kutoa sahani. Aliuliza kama tumefiwa.

Siku ya marudio nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kushuhudia dhuluma. Wenzangu watatu walikwenda pia, wakakaa kwenye benchi lile lile, wamevaa vizuri. Badru alikuwa amekuja mapema. Baadaye nilisikia kwamba aliomba chuo kimpe wiki nzima atufanyishe mazoezi, akanyimwa, wakubwa walikuwa na ratiba ya kurudi Dar. Alikuwa amevimba macho.

Consolée akamfuata kabla hajaitwa.

"Mwalimu, naomba kitu."

"Omba, dada."

"Hawa waondoke." Akatuonyesha kwa kidevu. "Wote. Wasikae uani. Waende mpaka barabarani, nisiwaone."

Nilisimama. "Mimi? Mimi niliyekuleta?"

"Wewe wa kwanza."

"Consolée!"

"Nikikuona, mikono inarudi nyuma," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akamgeukia Badru. "Na wewe, mwalimu, ugeukie ukuta."

Badru akacheka kidogo, akaona hatanii. "Mimi ni msimamizi. Lazima nione."

"Kompyuta itaona. Si ulitufundisha kwamba kila swichi ikiguswa inaandikwa humo? Basi iache ione. Yenyewe haiwezi kuitwa kuhojiwa."

Badru alifikiri. Akatazama upande wa ofisi, alikokuwa mkubwa wake. Akavuta kiti chake, akakigeuza, akakaa uso kwa ukuta na kompyuta mapajani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Tulikwenda barabarani. Tulisimama penye mikaratusi, pikipiki zinapita, vumbi jekundu linatuingia puani. Harerimana alikuwa anang'ata kucha. Hatukuona kitu, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya kuambiwa na Badru mwenyewe. Alisema taa ilipowaka hakusikia hatua. Alisubiri. Kwenye skrini hapakubadilika kitu, na muda ukaenda, ukaenda, akataka kugeuka, akajizuia. Akamsikia Consolée akisema polepole, kwa Kiha, maneno ambayo yeye hakuyaelewa. Baadaye alituomba tumtafsirie, akatutamkia alivyoyasikia. Harerimana akamwambia: alikuwa anahesabu vidole vyake. Kimoja kimoja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama mama anavyomhesabia mtoto mchanga kuona kama vimetimia. Alipofika mwisho, swichi ya kwanza ikageuka kwenye skrini.

Sisi kule barabarani tulisikia pampu inakata. Tukasikia kimya kirefu. Pikipiki ikapita, nikaitukana. Kisha tukasikia ikiwaka, chini, chini, halafu juu.

Consolée akatoka mpaka barabarani.

"Vipi?" nikauliza.

"Kijani."

Hakuna aliyeshangilia. Harerimana alimshika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama, akaurudisha. Consolée akampigia mama yake. Aliweka sauti ya nje kwa sababu simu yake ilikuwa mbovu sikioni, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama, nimefaulu. Narudi nyumbani."

"Ego," Pascasie akasema. "Umekula?"

"Bado."

"Kula basi. Na uje na chumvi, huku imeadimika."

Ndani, Badru akaita jina linalofuata, na lilikuwa langu. Wenzangu wakaanza kusogea mbali zaidi, kunipa nafasi, hata Consolée. Niliwaambia wasisogee. Niliwaambia msimamo wangu ni ule ule. Wakanitazama. Badru akaita tena. Sikwenda. Harerimana akaingia badala yangu, akawasha kijani huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, na leo yuko kwenye pampu moja upande wa Kakonko. Wale wawili wengine mmoja alifaulu, mmoja mikono ilikataa.

Barua yangu kuhusu ubatili wa mtihani haijajibiwa. Nimeandika nyingine.

Masika haya nilikwenda Mabamba kumsalimu Consolée. Tangi la bluu limeanza kuchakaa upande wa jua. Wanawake walikuwa bombani wanagombana kwa Kiha na Kirundi, ndoo zinagongana, maji yanatoka. Consolée alinipokea vizuri, amenenepa kidogo. Nilimuuliza kama sasa ana furaha. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu kwenye begi.

"Nipo," akasema. "Mama anachukua maji hapo karibu."

Tukiwa tunaongea, bomba likakohoa, likakata. Wanawake wakageuka wote kwa pamoja, wakaanza kuja kuelekea chumba cha pampu, kuona. Consolée akatoa ufunguo shingoni.

"Rudini nyuma," akawaambia.

"Tunataka kuona tu, sha!"

"Rudini. Hakuna kuona."

"Mawe, mama wee! Cheti kimempanda kichwani," mmoja akasema, na wengine wakaguna. Bila shaka wanamsema hivyo kila siku, na kijiji kina kumbukumbu ndefu kuliko yangu. Consolée akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama kando ya mlango. Nadhani aliona mabega yangu yalivyokaa, mikono ikielekea nyuma.

"Na wewe, kaka Bazilio. Nenda ukakae kwa mama."

Akaingia, akafunga mlango kwa ndani, nikasikia komeo. Nikatembea hadi kwa Pascasie. Alikuwa kibarazani ameunyoosha mguu wake, anamenya mihogo. Akaniuliza yule mtoto yuko wapi. Nikamwambia yuko kazini.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akasogeza sufuria, akanipa kisu.